Nyuzi Tatu Chini ya Sifuri

Kazi yangu wakati huo ilikuwa kuangalia friji ambazo sikuwa nimewahi kuziona. Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja mjini Kitale, ghorofani juu ya duka la mbolea na mbegu, na tulikuwa watu wawili tu. Mmoja ni bosi wangu, mwanamume wa makamo aliyefundisha hisabati chuoni kabla ya kuamua kujiajiri. Wa pili ni mimi, niliyekuwa na umri wa miaka ishirini na minane, nikikaa mtaa wa Kibomet na kwenda kazini kwa miguu. Yeye alizunguka akifunga vifaa. Mimi niliandika programu.

Tulikuwa tumepewa kandarasi ya kuweka vipimajoto ndani ya friji za chanjo katika zahanati kumi na moja, baadhi upande wa Endebess na nyingine juu ya mteremko wa mlima, upande wa Cheptais. Chanjo hukaa kati ya nyuzi mbili na nyuzi nane. Zikipata joto, huharibika polepole. Zikiganda, baadhi yake hufa papo hapo, na ukimchoma mtoto chanjo iliyokufa unampa maumivu bila kinga. Haya nilijua kwa kusoma karatasi za kandarasi. Niliyajua jinsi mtu anavyojua mji mkuu wa nchi asiyokusudia kwenda.

Kila baada ya dakika kumi, kila kipimajoto kilituma ujumbe kwa mtandao wa simu hadi kwenye kompyuta yangu. Hakikutuma maneno. Kilituma baiti mbili. Baiti moja ni visanduku vinane vilivyopangwa mstari mmoja, na ndani ya kila kisanduku mna sifuri au moja, basi. Baiti mbili ni visanduku kumi na sita, na visanduku kumi na sita vinaweza kubeba nambari yoyote kuanzia sifuri hadi 65,535. Ili kukwepa nukta, aliyetengeneza kipimajoto alizidisha kila kitu kwa kumi, kwa hiyo nyuzi 2.1 zilifika kwangu kama 21. Programu yangu ilipokea visanduku hivyo, ikavigeuza kuwa nambari, ikagawa kwa kumi, kisha ikachora mstari kwenye skrini: kijani kama friji iko salama, nyekundu kama haiko salama.

Siku ya kwanza ya majaribio, kipimajoto kikiwa juu ya meza yangu, skrini iliniambia kwamba ofisi yetu ina nyuzi 6,220.8. Bosi alisoma, akavua miwani, akaifuta.

"Basi tumeshaiva," alisema.

Kosa halikunichukua muda. Baiti mbili zikisafiri, lazima mkubaliane ipi inatangulia, ile kubwa au ile ndogo, kama vile mnavyokubaliana kwamba katika 24 ile mbili ndiyo makumi. Mimi nilikuwa nazisoma kinyume. Katika lugha tuliyotumia, mpangilio huo huonyeshwa kwa alama mfano wa mshale. Nikaugeuza mshale, na ofisi ikashuka hadi nyuzi 24.3. Tuliagiza glasi ya barafu na maji kutoka kwa muuza soda wa chini, tukapata 0.4. Tulikichovya kwenye chai, tukapata sabini na kitu. Bosi alikiweka kwapani akasimama dirishani kwa utulivu mpaka kikasoma joto la mtu mzima. Tukaridhika. Hakuna aliyefikiria kwamba maji yenye barafu hayawezi kwenda chini ya sifuri, na kwamba kwa hiyo hatukuwa tumejaribu kitu chochote kilicho chini ya sifuri.

Mwezi wa pili wa kazi, waya mmoja ulilegea katika zahanati fulani, na kipimajoto cha huko kikaanza kutuma nambari za ajabu: nyuzi mia nane, nyuzi elfu tatu, kisha tano, kisha elfu mbili. Kila nambari ya ajabu ilipiga kengele kwenye simu ya muuguzi. Watu wa zahanati walipiga simu kulalamika asubuhi, wakapiga tena adhuhuri.

"Ondoa hiyo takataka," bosi aliniambia. "Hakuna friji ya nyuzi elfu tatu."

Nikaongeza mstari mmoja: kipimo chochote kinachozidi mia moja kitupwe, na kipimo kizuri cha mwisho kibaki kwenye skrini. Kengele zikanyamaza. Muuguzi alituma ujumbe wa shukrani. Nakumbuka niliuonyesha kwa dada yangu jioni hiyo, kwa hiyo lazima nilikuwa nimefurahi.

Simu kutoka mlimani iliingia mwezi wa Julai, wakati wa baridi. Aliyepiga ni muuguzi msimamizi wa zahanati moja iliyo juu ya Cheptais. Tulikuwa tumezungumza mara mbili tatu kabla ya hapo. Alipenda kuniita Injinia, na sikujua kama ni heshima au mzaha.

"Injinia, friji yangu imegandisha dawa."

Nilitazama skrini. "Sista, hapa naona mbili nukta moja. Iko kijani."

"Ati iko nini?"

"Iko sawa, sista. Hakuna shida."

"Nimetikisa chupa. Zinalala haraka."

Sikujua maana yake, akanieleza kama mtu anayemweleza mgeni njia. Ukiwa na shaka na chupa ya chanjo, unachukua nyingine ya aina hiyo hiyo unaigandisha makusudi, unaiacha iyeyuke, unazitikisa zote mbili, unaziweka bega kwa bega. Chanjo nzima hubaki nyeupe kama maziwa kwa muda mrefu. Iliyoganda huachana: unga unashuka chini, maji maangavu yanabaki juu.

"Mashine inapima kila dakika kumi, sista," nilisema.

"Si wewe uko Kitale? Mimi niko hapa na chupa mkononi." Sauti yake haikupanda. "Leo sichomi mtoto. Akina mama wako kwa benchi, naenda kuwaambia warudi nyumbani. Wengine wametembea tangu saa kumi na moja."

Nilimweleza bosi. Alisema kwa upole kwamba kati ya mtu anayetikisa chupa na kifaa kinachopima mara mia moja arobaini na nne kwa siku, yeye angeamini kifaa. Kisha akasema, "Lakini nenda uone."

Niliondoka asubuhi iliyofuata. Kabla ya kutoka niliufungua mchoro wa friji ile nikautazama vizuri kwa mara ya kwanza. Ulikuwa mstari ulionyooka kama rula, 2.1, 2.1, 2.1, saa baada ya saa. Friji haifanyi hivyo. Ikifunguliwa hupanda, ikifungwa hushuka, na hata ikiachwa peke yake hutikisika kidogo. Nilikuwa nimeuona mstari ule siku nzima iliyopita nikauita salama kwa sababu ulikuwa kijani.

Nilifika kupitia Kimilili na Chwele, na kipande cha mwisho nikapanda pikipiki. Muuguzi alikuwa mwanamke wa kama miaka hamsini, sweta nzito juu ya sare, gambuti miguuni kwa sababu ya matope. Hakunilaumu. Alinipeleka moja kwa moja dirishani, ambako chupa tatu ndogo zilisimama mstari mmoja. Ya kwanza aliigandisha mwenyewe. Ya pili ilitoka kwenye friji yangu. Nasema yangu, lakini ilikuwa yake. Ya tatu ilikuwa imefika kutoka Bungoma asubuhi hiyo ndani ya kikasha cha baridi, haijagusa friji. Alizitikisa zote tatu mbele yangu, tukasubiri. Ya tatu ilibaki nyeupe. Zile mbili za kwanza ziliachana taratibu, sawasawa, kama mapacha.

Nilikuwa nimebeba kipimajoto cha kioo. Nilikiweka ndani ya friji, nikafunga mlango, nikahesabu dakika kumi kwa saa ya ukutani. Kilisoma tatu chini ya sifuri. Kifaa cha kurekebisha baridi kilikuwa kimekwama.

Nilifungua kompyuta juu ya meza ya kupimia watoto uzito, nikaomba baiti zenyewe, kabla programu haijazigusa. Zilikuwa 255 na 225. Nilichukua fomu iliyokwisha kutumika, nikaziandika nyuma yake kwa kalamu, kisanduku kimoja kimoja:

1111 1111 1110 0001

Nilijua kabla sijamaliza kuandika. Hili ni somo la muhula wa kwanza. Tulifundishwa Bungoma, katika darasa lenye bati linalopiga kelele mvua ikinyesha, na nililifanya kwenye mtihani nikapata alama zote. Visanduku vile kumi na sita vinaweza kusomwa kwa njia mbili. Ukivisoma kama nambari isiyo na alama ya kutoa, unapata 65,505. Ukivisoma kama nambari yenye alama, kisanduku cha kwanza kikiwa moja maana yake uko chini ya sifuri, na unapata kutoa thelathini na moja. Yaani kutoa 3.1. Visanduku havisemi visomwe vipi. Anayesoma ndiye anayeamua, na mimi nilikuwa nimeamua miezi mitano kabla, bila kujua kwamba naamua.

Kompyuta ilikuwa imesoma nyuzi 6,550.5, ikaona inazidi mia moja, ikatupa. Ikabakiza kipimo kizuri cha mwisho, ile 2.1 iliyofika kabla mtandao wa simu haujakatika usiku; uliporudi, friji ilikuwa tayari chini ya sifuri.

"Umeona nini?" muuguzi aliuliza.

Nilijaribu kumweleza kwa maneno ya kazini nikaona hayafiki. Nje palikuwa na pikipiki ya zahanati, ya zamani, ile yenye kihesabu kilomita cha magurudumu madogo yanayozunguka. Tukatoka.

"Sista, hii ikiwa mpya kabisa inasoma sifuri tupu. Tuseme mtu anairudisha nyuma kilomita moja. Itasoma nini?"

Aliinama akaitazama. "Haiwezi kusoma kutoa moja. Haina hiyo."

"Haina."

"Basi itasoma tisa. Tisa zote."

"Na mtu akija sasa hivi akaona tisa zote?"

"Atadhani imetembea mpaka Mombasa mara mia." Alinyooka. "Kwa hivyo baridi ikizidi, mashine yako inaona moto."

"Ndiyo."

"Na wewe ukaiambia, ukiona moto mwingi sana, nyamaza."

"Ndiyo, sista."

Aliniangalia kidogo, si kwa hasira. Kisha akaingia ndani kuandika kwenye daftari lake idadi ya chupa alizozitenga.

Marekebisho yalikuwa herufi moja. Katika lugha ile, H kubwa huiambia programu isome baiti mbili bila alama. H ndogo huiambia isome pamoja na alama. Nilifuta kubwa nikaandika ndogo, nikaufuta na ule mstari wa kutupa vipimo, na skrini ikawa nyekundu papo hapo. Nilimpigia bosi simu.

"Herufi moja?" aliuliza.

"Moja."

Nilimsikia akipumua. "Rudi," alisema. "Tuangalie zile nyingine kumi."

Hilo lilikuwa jambo ambalo nami nililiwaza njia nzima. Nilikuwa na tabia ya kuhifadhi kila ujumbe kama ulivyofika, baiti zake mbili bila kuguswa, kabla ya hesabu yoyote. Haikuwa busara, ni kwamba nafasi ilikuwepo na sikupenda kufuta vitu. Niliporudi Kitale nilizipitisha zote upya kupitia h ndogo, zahanati baada ya zahanati, bosi akiwa amesimama nyuma ya kiti changu. Tisa zilikuwa safi. Ya kumi, moja ya upande wa Endebess, ilikuwa na asubuhi mbili za mwezi wa Juni ambazo, mtandao uliporudi baada ya kukatika usiku, mstari ulikuwa tayari chini ya sifuri na ukakaa huko kwa saa kadhaa. Baiti zilisema 255 na 244. Nilifanya kwa mkono, kama tulivyofundishwa: geuza kila sifuri iwe moja na kila moja iwe sifuri, kisha ongeza moja. Nikapata kumi na mbili. Kutoa 1.2.

Hakuna aliyetikisa chupa huko. Skrini ilikuwa kijani, wakaiamini. Chupa za friji ile zilitumika wiki tatu hadi zikaisha.

Bosi alikwenda akafunga mlango ingawa kwenye ngazi hapakuwa na mtu.

"Una uhakika na hesabu?"

"Nimeigeuza mara mbili kwa mkono."

"Wakijua, kandarasi imeenda."

"Watoto washachomwa," nilisema.

Aliketi. Nadhani alikuwa akifanya kile anachofanya mwalimu wa hisabati, kutafuta kama kuna hatua yenye kosa ambayo ingebadilisha jibu. Hakuipata. "Andika," alisema. "Nitatia sahihi."

Niliandika barua mbili, moja ya idara ya afya Kitale na moja ya ile ya Bungoma. Ya Bungoma niliipeleka mwenyewe hadi stoo ya chanjo. Ofisa aliyeipokea aliisoma, akaigeuza akatazama nyuma kana kwamba kuna maelezo zaidi, akaisoma tena.

"Hii makosa ni ya mashine ama ya mtu?"

"Ya mtu. Ni mimi."

Aliandika hivyo pembeni mwa barua kwa kalamu nyekundu, *ya mtu*, akaigonga muhuri, akaagiza mlima upelekewe chupa mpya. Hakuniuliza jina. Lilikuwa chini ya barua.

Kule Endebess, wahudumu wa afya wa vijijini walipita nyumba kwa nyumba wakiwa na orodha, na akina mama wakaitwa siku ya Alhamisi. Muuguzi wa huko aliomba mtu wa kueleza aje, kwa sababu yeye hataweza kueleza. Bosi alijitolea. Nilimwambia nitaenda mimi.

Walikuwa thelathini na wanne. Nilisimama mbele ya benchi nikasema nilichokuwa nimekipanga njiani: kwamba friji iliganda, kwamba dawa ilipoteza nguvu, kwamba haikuwadhuru watoto lakini haikuwakinga, na kwamba leo watapewa nyingine. Mama mmoja kijana mstari wa mbele, mwenye mtoto wa miezi minne hivi mapajani, aliinua mkono kama yuko shuleni.

"Huyu alilia usiku mzima ile siku," alisema. "Mguu ulifura. Sasa achomwe tena kwa sababu ya nini? Friji si ilikuwa na mashine?"

"Ilikuwa na mashine. Mashine ilipeleka nambari sahihi. Programu haikujua kusoma nambari iliyo chini ya sifuri."

"Nani aliifunza kusoma?"

"Mimi."

Kulikuwa na minong'ono nyuma yake. Yeye hakunong'ona. Alisimama, akaja hadi nilipokuwa, akanipa mtoto.

"Basi mshike wewe."

Sikuwa nimewahi kumshika mtoto wakati wa kuchomwa. Muuguzi alinionyesha: mkono mmoja ukimkumbatia, mwingine ukiushika mguu juu ya goti, imara lakini bila kubana. Mtoto alinitazama usoni kwa makini, akashika kamba ya kitambulisho changu akaitia mdomoni. Alikuwa mzito kuliko nilivyotarajia, na mwenye joto. Sindano ilipoingia, hakulia mara moja. Kwanza alishangaa, niliuona mshangao ukipita usoni mwake akinitazama mimi, kisha mdomo ukafunguka. Mguu ulivuta mkononi mwangu kwa nguvu nyingi. Sikuuachilia mpaka muuguzi aliposema tayari.

Mama alimchukua. Alimfunga mgongoni, akachukua kadi, akasoma tarehe mpya iliyoandikwa, akauliza kama ni lazima arudi tena mwezi ujao au hii inahesabika. Muuguzi alimwambia inahesabika. Akaondoka.

Mama wa pili naye alinipa wake. Sijui kama ilikuwa adhabu au kwamba aliona ndivyo utaratibu ulivyo leo. Hadi saa saba nilikuwa nimewashika kumi na mmoja.

Hatukunyang'anywa kandarasi, lakini ilipoisha hawakuiongeza. Nadhani mtu yeyote mwenye akili angefanya vivyo hivyo. Bosi alipata kazi ya pampu za maji za mashamba na bado anaifanya. Mimi nilikaa naye mwaka mmoja zaidi, kisha nikaenda kufundisha chuoni Bungoma siku tatu kwa wiki. Sikusikia kwamba mtoto yeyote kati ya wale thelathini na wanne aliugua katika wiki zile alizokaa bila kinga. Niliuliza mara mbili kwa simu, na mara zote mbili muuguzi alinijibu kwa ufupi kwamba hakuna, akaniuliza kama nina jambo lingine.